Kinyozi na Swali la Kikohozi

Mume wangu ni kinyozi. Ana mkono mwepesi, na mdomo mwepesi zaidi. Mimi hufua taulo chumba cha nyuma, mtoto mgongoni, na kila neno nalisikia.

Asubuhi moja mhudumu wa afya aliingia kuuliza maswali ya utafiti. Mteja mmoja alikuwa kitini, wengine benchini wakisubiri zamu.

"Kuna mtu wa nyumba hii amekohoa wiki mbili au zaidi?"

"Hapa? Hakuna!" mume wangu akajibu. "Sisi wazima kabisa."

Lo! Mwanamume huyohuyo alikuwa amekohoa mpaka jirani akagonga ukuta! Nikamwita mhudumu uani.

"Dada, amekudanganya. Lakini na wewe umezidi! Unamuuliza kinyozi habari za kikohozi mbele ya wateja? Angejibu nini?"

Hakukasirika. "Kweli, dada, nimekosea. Watu wengi hujibu linalowalindia heshima, wala si kwa ubaya. Lakini nyumba zote zikisema 'hakuna', vipimo na dawa vitapelekwa kwingine."

Nikageuza shingo kumtazama mwanangu. Huyu mtoto mgongoni hulala kifuani pa baba yake.

Mchana, wateja walipokwisha, mhudumu alirudi. Akaketi uani na mume wangu.

"Jina lako siandiki, kaka, na sikuja kukuhukumu. Nani anakohoa?"

Mume wangu akatazama miguu yake.

"Mimi. Mwezi sasa. Naogopa, dada. Wateja wakinikimbia, tutakula nini?"

"Pole sana. Nenda ukapimwe makohozi. Hata kikiwa kifua kikuu, kinatibika. Mtoto naye apimwe."

Kilikuwa kifua kikuu. Tulifunga duka kwa muda, naye akameza dawa bila kuruka hata siku moja. Mtoto alikutwa salama, nikalia kwa furaha. Akapewa dawa ya kumkinga. Mhudumu naye alirudia swali lake mtaa mzima, safari hii faraghani. Majibu yakabadilika, na wapimaji wakaletwa hapa hapa mtaani.

Sasa mume wangu amepona na benchi limejaa tena. Juzi mhudumu alikuja na maswali mapya. Mume wangu akazima mashine.

"Ngoja, dada. Hayo tukazungumze uani."

Mteja akabaki kitini, kichwa kimenyolewa nusu.

"Tuvumilie kidogo, kaka," nikamwambia.

"Hamna neno," akasema polepole. "Akirudi, na mimi nitakwenda huko uani. Nina la kumwambia dada."