Usipime Chuma Kikiwa cha Moto

Mama alimimina chai. Wifi yake, dada wa mumewe, akaonja na kuruka.

"Wifi, unataka kunibabua ulimi? Chai yako siku zote inatoka jehanamu!"

Kwa kawaida Mama angerudisha kejeli. Leo aliweka birika chini, akashika tama.

"Kulikoni?"

"Kazi inaniponyoka. Nimekereza shafti arobaini za pampu za maji. Zote zimerudishwa, beringi zinacheza. Msimamizi anasema macho yangu mabovu. Nikiharibu tena kesho, nibaki nyumbani."

Kukereza ni kuzungusha chuma kwenye mashine na kukikata kwa kisu mpaka kifikie kipimo. Shafti ni fimbo ya chuma inayozunguka ndani ya pampu, na beringi ni pete inayoishikilia. Mama ana miaka tisa katika kazi hiyo, ila mashine ya msimamizi huyu amepewa mwezi huu tu. Kabla yake, wakereza watatu walifukuzwa kwenye mashine ile ile. Nao waliambiwa wana macho mabovu. Watu wanne, macho manane, yote mabovu? Hakuna aliyeuliza.

Wifi aliuliza. Yeye ni mkaguzi wa vipimo katika kiwanda kingine.

"Unapima wakati gani?"

"Nikimaliza kukata tu. Msimamizi hataki mashine isimame."

"Shafti ikiwa ya moto?"

"Haishikiki bila kitambaa."

"Kumbe unapika chuma kama chai!"

Wifi alichukua chupa ya kioo yenye kifuniko cha chuma. "Fungua."

Mama alijikaza kukizungusha mpaka mishipa ikamtoka. Haikufunguka. Wifi akamwagia kifuniko maji ya moto, kisha akakizungusha kwa vidole viwili. Kikatoka.

"Chuma kikipata moto hutanuka. Shafti ya moto inakudanganya. Unaikata mpaka kipimo, halafu ikipoa inanywea."

"Kiasi gani?"

"Robo ya unene wa unywele. Kwa beringi, huo ni mlango wazi."

"Sasa nifanyeje?"

"Bakiza unene kidogo. Iache ipoe kabisa. Pima, kisha kata mara ya mwisho, kidogo tu, ukitumia maji ya kupozea. Ipoe tena ndipo upime."

Kesho yake Mama alipanga shafti kwenye meza zipoe. Msimamizi akaja mbio.

"Hapa ni karakana au baraza la kupunga upepo?"

Mama alimpa shafti moja iliyotoka mashineni sasa hivi. "Pima, bosi."

Akapima. "Iko sawasawa."

Walisubiri mpaka ikapoa. "Pima tena."

Akapima. Akapima mara ya pili. Ilikuwa imepungua unene. Jasho likamtoka yeye badala ya chuma.

Siku hiyo Mama alimaliza shafti chache. Hakuna hata moja iliyorudi. Beringi ziliingia na kubana.

Msimamizi akaandika ukutani kwa chaki: PIMA CHUMA KIKIPOA.

"Haya, yamekwisha," akasema.

"Hayajakwisha," Mama akajibu. "Wale watatu uliowafukuza, macho yao yatapona lini?"

Wiki iliyofuata mmoja alirudishwa, akapewa mashine ya jirani. Wawili haijulikani walikohamia. Mama bado anawaulizia.