Mgeni Asiyeagwa

Asubuhi ile Mamkubwa alikuwa akishona pindo la gauni la bibi harusi, na mumewe alikuwa akimtania. Ndivyo siku zilivyoanza katika nyumba ile. Cherehani ilikaa chumba cha mbele, karibu na dirisha la barabarani, na mume, fundi umeme ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Taa, hakutoka kwenda kazini kabla ya kupata la kusema. Siku hiyo alisimama mlangoni, ngazi begani, akamwambia mkewe kwamba akizidi kuinamia kitambaa namna ile, ipo siku atajishona pua. Mamkubwa akajibu kwamba afadhali pua yake kuliko mdomo wa mtu fulani. Mume akacheka, akaenda zake.

Alasiri wakamrudisha amebebwa. Ngazi iliteleza kwenye sakafu yenye mafuta, akaangukia kisogo. Akapelekwa hospitali; huko walimlaza mpaka wakaishiwa la kufanya, wakasema akatunzwe nyumbani. Akatunzwa. Macho yalikuwa wazi, kifua kilipanda na kushuka, uji ulipita kwa kijiko. Mwenyewe hakuwamo.

Mamkubwa hakuwa mtu wa kulia mbele za watu. Machozi yake aliyapeleka kwa Devi, mungu wa kike ambaye waumini wake humwita Mama. Tangu ujana alikuwa mwanafunzi wa guru mmoja, mwalimu wake wa dini, mzee mtengeneza saa aliyeishi ghorofani juu ya duka la vioo. Siku ya kumpokea, guru aliinama akamnong'oneza mantra, maneno matakatifu ya siri, katika sikio la kulia, akamwonya isitoke kwake kwenda kwa mtu yeyote, hata mume. Kisha akamfundisha ibada kama mtu anavyofundishwa adabu za kupokea ugeni. Unamwalika Devi aje akae katika sanamu yake. Unampa maji ya kunawa miguu katika sinia la shaba, unampa ua, ubani na taa. Ndipo unapoketi na shanga zako kuirudia mantra kimoyomoyo. Ukimaliza, unamuaga: unaunganisha viganja, unamwomba arudi salama kwake, unaisogeza sanamu kidogo, kama mtu anavyovuta kiti ili mgeni ainuke, na unafunga kwa mantra ileile. Baada ya hapo sanamu ni udongo tu.

"Wengi hujifunza kukaribisha," guru alimwambia. "Wewe jifunze kuaga."

Na miaka yote hiyo aliaga.

Baada ya ajali alihamishia sanamu chumbani, juu ya kijimeza miguuni pa kitanda. Ilikuwa ya udongo, ndefu kama kiganja, na nguo zake alizishona mwenyewe kwa mabaki ya hariri. Siku moja, katikati ya mantra, aliona vidole vya mumewe vikicheza juu ya shuka. Hakukatiza. Kichwa kikageuka, macho yakamtafuta, yakampata. Mantra ilipokwisha akaunganisha viganja, akaisogeza sanamu. Kichwa cha mume kikaanguka kwenye mto kama kitu kilichokatwa uzi.

Kesho yake ikawa vilevile, na keshokutwa pia. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni akiondoka inakuwaje.

Mamkubwa akapanda ghorofani kwa guru. Mzee alikuwa amefungua saa ya mtu, akiitazama kwa kioo chake cha jichoni. Mamkubwa akazungukazunguka na maneno, mwishowe akauliza kama mtu anaweza kuchelewesha kuaga, kidogo tu. Guru akaweka kibanio chake mezani.

"Umemwona akiamka."

Mamkubwa akainamisha kichwa.

"Muage Mama, binti yangu. Hata ukiniona sina huruma. Anayezuiwa kuondoka si mgeni tena."

Alishuka ngazi akiitikia ndiyo, guruji. Siku hiyo hakuaga.

Mume akaketi kitandani. Akala kwa mkono wake. Akamwita mkewe, akauliza ngazi yake iko wapi. Wifi, dada wa mume aliyeishi nao, alilia mpaka kwikwi ikamshika, akasema kaka yake amerudi na uso unaong'aa kuliko ule aliokwenda nao. Majirani walikuja kupongeza. Mamkubwa akafunika sanamu kwa kitambaa, akaendelea na kushona.

Asubuhi iliyofuata maji ya sinia yalikuwa machafu. Chini yake palikuwa na udongo mwekundu, kama uliotoka nyayoni mwa mtu aliyetembea mbali. Ua wa nyumba ile ulikuwa sementi tupu.

Kisha nguo ya sanamu ikapasuka begani. Akashona nyingine. Ikapasuka palepale. Wifi akamcheka, akamuuliza siku hizi anashonea wanasesere wanaonenepa? Mamkubwa akachukua futi yake ya kitambaa, akapima. Sanamu haikuwa imeongezeka. Mshono ndio uliokuwa umesukumwa kutoka ndani.

Siku moja nguo ya sanamu ikaacha kupasuka. Siku hiyohiyo shati la mume likapasuka begani.

Naye alipimwa. Vipimo vyake vilikuwa vilevile.

Wateja wakaanza kuvua viatu mlangoni. Mamkubwa alimuuliza mmoja ni kwa nini, kwa maana nyumba ya fundi huingiwa na viatu. Mwanamke yule alitazama miguu yake mitupu, akasema hajui. Chumbani, mume alikuwa amekaa mguu mmoja ameukunja, mwingine ameuning'iniza, kiganja cha kulia amekiinua. Alikaa hivyo kutwa. Sanamu nayo ilikaa hivyo. Na tangu aamke hakuwa amemtania mkewe hata mara moja.

Alasiri moja cherehani ilipotulia, Mamkubwa alisikia mnong'ono ukitoka chumbani. Alidhani ni wifi. Akasikiliza.

Ilikuwa mantra yake. Neno kwa neno. Ilitoka kinywani mwa mumewe, ambaye hakuwahi kuambiwa.

Sikio la kulia likawa baridi. Akajaribu kuitamka mwenyewe, aifuatishe. Haikuja. Mahali ilipokuwa palikuwa patupu, kama tundu la jino.

Akakimbilia kwenye sanamu. Akaunganisha viganja, akamwomba Mama arudi salama. Akaisukuma. Ikasogea upesi mno. Ilikuwa nyepesi kama ganda la yai.

"Hapo sikai tena," ikasema sauti kutoka kitandani.

Wifi alikwenda kumwita guru. Mzee alivua viatu mlangoni. Hakuitazama sanamu. Alikitazama kitanda, akapiga magoti, akagusisha paji la uso sakafuni. Alipoinuka, mashavu yalikuwa yamelowa.

"Yeye ndiye kiti sasa," akamnong'oneza Mamkubwa. "Wa kusogezwa ni yeye."

"Nikimsogeza?"

Guru akamgeuza akielekee kitanda. "Mtazame vizuri," akasema. "Mumeo yumo?"

Mamkubwa akakaa ukingoni mwa kitanda. Aliyaona macho yasiyopepesa. Akaona kiganja kilichoinuliwa, hakitetemeki.

"Nitanie," akasema taratibu. "Neno moja tu. Nitanie, nijue ni wewe."

Kisha midomo ikahangaika, kama ya mtu anayesukuma mlango uliozibwa na kabati. Jicho moja likatokwa na chozi. Sauti iliyokuja ilikuwa yake, ya zamani, ndogo sana.

"Niage, mke wangu."

Akaunganisha viganja. Akasema maneno ya kuaga, yote, bila kukosea. Akaweka mkono begani, pale shati lilipopasuka, akamsogeza.

Mume akalala ubavu. Kifua kikashuka. Hakikupanda.

Guru alimfumba macho. Kisha akageuka polepole. "Umefunga kwa mantra?"

Mamkubwa akafungua kinywa. Hapakuwa na kitu. Mzee akainama haraka katika sikio lake la kulia, ampe upya. Wifi aliona midomo ya mzee ikicheza. Akamwona akirudia, na kurudia tena. Mamkubwa alitikisa kichwa. Sikio lile halikusikia. Halikusikia tena maisha yake yote, na kuaga kule hakukufungwa.

Mume akafanyiwa mazishi ya dini yao. Sanamu ilivunjika vipande siku ileile, bila kuguswa. Mamkubwa alirudi kwenye cherehani, akashona miaka mingi, na majirani walimsifu kwa uvumilivu. Wifi peke yake ndiye aliyeona jinsi alivyoanza kukaa: mguu mmoja umekunjwa kitini, mwingine ukiwa kwenye pedali. Alishona mwenyewe mabega ya magauni ya Mamkubwa yalipopasuka.

Leo Mamkubwa na wifi yake wote wawili hawapo. Chumba cha mbele kina makochi sasa. Sinia la shaba limewekwa juu ya kabati, limefunikwa kifudifudi, na halijatiwa maji tangu siku ile. Asubuhi hukutwa limegeuzwa, limelowa, na udongo mwekundu chini yake. Nao wageni wakija huacha viatu nje. Hakuna aliyewahi kuambiwa avue.