Dada Yangu Alikwenda Kumsamehe Mwizi wa Wimbo

Naanza kwa jina la Mola aliyeumba ulimi, akaumba na haya ya kuuzuia. Rehema na amani zimfikie Mtume wake, na aali zake, na kila atakayeyasoma haya akaogopa.

Ndugu zangu, mimi si mtu wa kuandika huku mitandaoni. Leo nimelazimika.

Siku ile, mbele ya umati uliofurika ukumbini, lakabu yangu ilitangazwa jukwaani...

Na dada yangu akauachia mkono wangu.

Hakuuvuta. Hakuusukuma. Aliuachia taratibu, kidole baada ya kidole.

"Kaka," alisema, "ni wewe?"



Lakini nisiyavuruge. Niwapange watu kwanza, kila mmoja mahali pake, ndipo mnihukumu.

Baba yetu, Mungu amrehemu, alikuwa imamu. Alinisomesha Kitabu asubuhi na tungo za wahenga alasiri. Nikawa hodari wa kuhesabu mizani hata vijana wenzangu wakanipa lakabu hiyo hiyo: Mizani. Nilihesabu kwa vidole nikisikiliza hotuba. Nilihesabu hata watu wakigombana.

Dada yangu ni mdogo wangu kwa miaka mitano. Yeye hakusomeshwa tungo. Alisikiliza nyuma ya pazia huku akichambua mchele, na alichokisikia kilimkaa kuliko nilichofundishwa mimi.

Mama alitutoka dada akiwa na miaka kumi na minne. Asubuhi moja alikwenda hospitali kwa miguu yake. Akasema, "Msifunge mlango, narudi sasa hivi."

Hakurudi.

Dada alikataa mlango ule ufungwe kwa siku tatu. Baba mwenyewe alishindwa naye.

Kisha kulikuwa na bendi. Vijana wanne, suti nyeupe, viatu vinavyong'aa hata ungejitazama humo. Sisi tuliwaita Wale Wanne. Nani wa rika letu hakuwapenda? Baba akienda msikitini tulifungua redio kwa sauti ndogo, masikio yetu yamegusana juu ya spika. Mimi niliyekuwa nikisomea uimamu! Naam. Niliwapenda. Sitawadanganya.

Na wa mwisho ni mpwa wangu, binti wa pekee wa dada, muuguzi. Mtamwona.

Basi dada alipofika miaka kumi na minane aliniita jikoni. Akanikabidhi karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Kaka, nimetunga wimbo. Uwapelekee Wale Wanne."

"Wewe? Wimbo?"

"Usicheke. Mimi siwezi kwenda, baba ataniua. Wewe mwanamume, hutaulizwa. Nakuamini."

Neno hilo, ndugu zangu. Nakuamini.

Nikaufungua chumbani kwangu. Ulikuwa wimbo wa mama. Kiitikio chake kilianza hivi:

*Mlango wazi, mama,*
*kuufunga sithubutu.*

Na mimi, mjinga niliyesoma, nilifanya nini? Nililia? La. Nilihesabu kwa vidole!

Mstari wa pili mizani nane. Mstari wa kwanza... saba.

Saba! Nikatikisa kichwa kama mganga aliyeona ugonjwa. Nikatafuta neno la kuziba pengo. Mama ni mizani mbili. Nilihitaji tatu. Nikaandika *mpenzi*.

*Mlango wazi, mpenzi.* Nane. Ukakaa sawasawa, na kwa kalamu ile ile nikawa nimemtoa mama yangu katika wimbo.

Kisha nikaunakili wote kwa mwandiko wangu. Chini, pa kutia jina, nikajiambia: binti wa imamu hawezi kuandikwa kwenye karatasi ya wanamuziki, nitamsitiri. Nikaandika Mizani.

Ndivyo nilivyojiambia. Nafsi haikosi fatwa.

Mpiga gita, kiongozi wao, aliusoma akiwa amesimama. Akanikumbatia. "Bwana wee, umetunga kitu!"

Ndugu zangu, sifa ni tamu. Sikumsahihisha.

Nyumbani dada alinipokea mlangoni. "Wamesemaje?"

"Wamesema watatazama."

Miezi minne baadaye wimbo ukatoka redioni. Kila harusi, kila duka, kila kinyozi. *Mlango wazi, mpenzi!* Watu walicheza. Dada alikuja chumbani kwangu, uso umemkauka.

"Kaka, wameniibia. Na mama wamemtoa!"

Palikuwa na mlango wa kutokea hapo. Ningesema neno moja tu.

Nikasema, "Wanamuziki ndivyo walivyo. Nyamaza. Baba akijua, kalamu hutaishika tena."

Akanyamaza. Na kalamu hakuishika tena. Akanunuliwa cherehani, akawa fundi, akashona mpaka macho yakapungua na mgongo ukapinda. Kila alipousikia wimbo ule alisimamisha cherehani, akausikiliza mpaka mwisho, kisha akaendelea kukanyaga. Bendi hakuichukia. "Wezi," alikuwa akisema, "lakini wanaimba!"

Miaka arobaini na moja.

Mwaka huu kukatangazwa kwamba Wale Wanne, waliovunjika zamani kwa ugomvi wao, watakutana jukwaani mara moja ya mwisho. Dada wakati huo alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, maradhi yamemwenea, madaktari wameacha kutaja miezi.

Akaniita.

"Kaka, nipeleke."

"Dada, ukumbi utajaa. Utaumia."

"Nataka kumwona yule mpiga gita kabla sijaondoka. Nataka nimwambie nimemsamehe. Na nimuulize jambo moja: mama alimtoa kwa nini?"



"Kisa cha zamani hicho. Kwa nini usimsamehe hapa hapa, kimyakimya? Mungu anasikia."

"Mungu anasikia, lakini mwizi hajasikia." Akacheka. "Nawe mbona unatetemeka? Uliibiwa wewe?"

Mpwa wangu ndiye aliyetengeneza safari. Aliwaandikia waandaaji kuomba nafasi ya kiti cha magurudumu mbele kabisa, akaorodhesha wageni wake: "mama yangu, fundi cherehani, na mjomba wangu, maarufu kwa lakabu ya Mizani." Aliandika kwa mapenzi tu, maskini. Hakujua ameandika nini.

Tamasha liliwekwa alasiri, kwa kuwa mashabiki wenyewe ni sisi wazee, na wazee hulala mapema. Dada alijishonea gauni jeupe kwa macho yale yaliyochoka, mshono wa bega umekwenda upande kidogo. Ukumbini palinuka manukato na dawa ya kuchua. Fimbo zimeegemezwa kila mahali.

Wakatoka watatu. Wa nne keshatangulia mbele ya haki. Koti lake jeupe lilitundikwa kwenye kiti, nasi tukanyamaza. Mpiga gita sasa hana nywele, ana kifaa sikioni.

"Zamani tulikuwa tunaruka," alisema. "Leo tukiruka, mtatuokota!"

Watu wakaangua kicheko. Dada alinishika mkono, akaimba kila wimbo. Alikuwa na miaka kumi na minane tena. Nikaanza kuomba moyoni: Mola, na yaishe hivi hivi.

Hayakuisha hivyo.

"Sasa," akasema mpiga gita, "wimbo mnaoungojea. Miaka yote tumemtafuta aliyeutunga tumshukuru. Alituletea karatasi, akapotea. Leo nimeona lakabu yake kwenye orodha ya wageni. Yumo humu! Simama, ndugu yetu Mizani!"

Taa ikanishukia.

Ndipo mkono ukaachiwa. Ndipo akauliza, "Kaka, ni wewe?"

Makofi! Vigelegele! Nyuma yangu mtu akapaza sauti, "Mzee, simama bwana, tukuone!"

Nikasimama. Nikaona kipaza sauti kimefika mkononi mwangu. Nikasema yale niliyopaswa kuyasema miaka arobaini na moja nyuma.

"Jamani... wimbo huu si wangu. Ni wa dada yangu huyu. Mimi nilikuwa mpelekaji tu. Niliuchukua."

Mnajua walifanya nini?

Walipiga makofi zaidi!

"Mtazame alivyo mnyenyekevu!" mwanamke mmoja alisema. "Wazee wa zamani ndio watu."

Mpiga gita akateremka ngazi polepole, akapiga goti mbele ya kiti cha magurudumu.

"Dada yetu, ni kweli asemayo?"

Ukumbi ukatulia. Mtu ambaye dada alimsubiri miaka yote yuko mbele yake, kipaza sauti kiko midomoni pake. Alinitazama. Sijapata kutazamwa hivyo, wala siombi tena.

Kisha akatabasamu.

"Kaka yangu ana mzaha tangu utoto," alisema. "Mimi fundi cherehani, nitajulia wapi nyimbo? Wimbo ni wake. Upigeni, muda unakwenda."

Kicheko ukumbi mzima!

Wakaupiga. Watu wote wakaimba, *Mlango wazi, mpenzi*. Na kando yangu sauti moja nyembamba ikaimba, *Mlango wazi, mama*... kisha ikakoma kidogo kabla ya mstari unaofuata.

Ile mizani moja. Hakuisahau wala hakushindwa kuipata. Aliiacha tupu makusudi, kwa kuwa aliyeitwa hakuitika.

Mimi niliyesomeshwa tungo na baba, nilikuwa nimeyasikia hayo kwa mara ya kwanza.

Tulimfikisha nyumbani kabla ya magharibi. Mpwa wangu alikwenda kuchemsha maji. Tukabaki wawili.

"Dada..."

"Ungeniomba ningekupa," alisema. "Wimbo wote. Wewe kaka yangu. Jina nilitaka la nini mimi? Lakini mama, kaka! Mama ulimtoa kwa nini?"

Swali lile alilombebea mtu mwingine miaka yote hiyo. Na jibu langu, ndugu zangu, nililiona lilivyo dogo kabla halijatoka kinywani.

"Mizani ilipungua."

"Ngapi?"

"Moja."

"Moja," alirudia. Kisha akajifunika kanga usoni, mabega yakawa yanatikisika, na sikujua kama analia au anacheka.

Nikapiga magoti. "Nisamehe. Kwa haki ya baba na mama."

Akafunua uso.

"Ukumbini nimekusitiri, kwa sababu wewe husalisha watu, na watu hao hawana kosa. Kukusitiri nimeweza. Kukusamehe sijafika. Yule mpiga gita nilikuwa nimeshamsamehe kitambo, maana simjui. Wewe nakujua. Niache nifike mwenyewe, usinivute."

"Nitangoja."

"Ngoja."

Nikangoja. Kila siku baada ya alasiri nilikwenda kumjulia hali. Tulizungumza habari za dawa, za mvua, za majirani. Neno lile hakulitaja, nami sikuthubutu kumvuta.

Siku ya kumi na tisa mpwa wangu alinipigia adhuhuri.

"Mjomba... mama ametutoka."

Nilimwosha kwa dua zote nilizozijua, nikiwa nje ya mlango, kwa kuwa kuoshwa kwake kulikuwa ni haki ya wanawake. Nikamsalia. Sauti ilinikatika katika takbira ya tatu.

Baada ya maziko nilimuuliza mpwa wangu, kwa aibu, mzee mzima kama mimi:

"Hakuniachia neno?"

Akafuta macho.

"Jana yake, mjomba, ulipokwisha kuondoka, alisema: kesho mjomba wako akija, mtupishe. Nina neno naye."

"Neno gani?"

"Hakusema. Nilidhani ni mambo yenu ya utotoni."

Neno gani, ndugu zangu? Alikuwa amefika? Au alitaka kuniambia kwamba hatafika kamwe?

Sijui. Nitakwenda kaburini kwangu sijui.

Nilimpigia simu mpiga gita nimweleze. Akacheka kwa upole. "Mzee wangu, unyenyekevu umekuzidi sasa. Si dada yako mwenyewe alikanusha mbele yetu sote?" Nikawaambia watu wa msikitini, wakasema majonzi yamenichanganya. Sitara aliyonivika imenibana, kila nikitaka kuivua watu wananifunga vifungo.

Ndiyo maana nimeandika hapa, kwa vidole hivi vizito, niwaambie nyinyi msionijua: wimbo mlioufungia ndoa, mkauchezea ujana wenu, ni maombolezo ya binti wa miaka kumi na minane kwa mama yake. Uimbeni na mama yumo. Mstari utapungua mizani moja. Uacheni upungue.

Nawe msomaji, chukua hili kwa mzee aliyelipa. Amana haitengenezwi. Ukikabidhiwa ikiwa na pengo, ifikishe na pengo lake. Hujui mwenyewe kaweka nini humo. Na ukisitiriwa, usidhani umesamehewa.

Mola wangu, mrehemu dada yangu, umkutanishe na mama bila mlango kati yao. Na hawa waliobaki: mpwa wangu aliyebaki na cherehani isiyokanyagwa, wazee wale watatu na koti la mwenzao, na kila msomaji aliyemdhulumu mtu ambaye bado yu hai, bado anapokea simu... wape ndimi nyepesi za kukiri, na uwape muda.

Amina.