Katibu wa Chakula Aliyeacha Kuonja

"Mama Tatu, hivi mtoto akiwa Katibu wa Chakula, wazazi wake hawaletewi hata kibaba cha unga?"

Swali hilo aliniuliza jirani yangu Mwaija asubuhi moja, tumekaa kibarazani kwake Masuguru, hapa Korogwe, tunachambua mboga ya mchunga. Alikuwa anacheka, nami nikacheka, maana mwaka ule wa sabini na nne njaa ilikuwa imebana na kicheko kilitusaidia kusogeza siku. Mumewe, Isihaka, alikuwa nyuma ya nyumba ananoa jembe. Kuku wao wawili waliobaki walipekua majivu. Nyumba ilikuwa na amani, ndugu zangu, ile amani ya watu ambao mtoto wao anasoma.

Mtoto huyo ni Sadala. Alikuwa mwaka wa pili katika chuo kidogo cha ualimu kwenye njia ya Handeni, ndani ya majengo yaliyoachwa na kampuni ya mkonge. Jina la chuo naliacha. Wenzake walimchagua kuwa Katibu wa Chakula katika umoja wa wanafunzi, na hawakumchagua kwa sababu ya maneno matamu. Mvua ilikuwa imekatika, mahindi yamekauka, na chuo kikawa kinaishi kwa muhogo wa shamba lake la kujitegemea. Jua likizidi, hata muhogo uliokuwa mtamu hugeuka mchungu, na uchungu huo ni sumu mpaka ulowekwe na kuanikwa. Sadala alizaliwa Kabuku, katika ukoo wa Wazigua waliokula muhogo vizazi na vizazi. Ulimi wake uliujua. Wenzake wengi walitoka milima ya Usambara, hawakuujua.

Chuoni pale palikuwa na desturi. Kabla mtu hajala, Katibu wa Chakula anasimama mbele ya wote, anachotewa kidogo kutoka kila sufuria, anaonja, anameza, anangoja, ndipo anasema, "Karibuni." Siku ya wazazi niliiona kwa macho yangu. Bwalo zima la vijana wenye njaa lilinyamaza, macho yote kwenye mdomo wa mtoto niliyemjua tangu anaumwa surua. Mwili ulinisisimka. Nimeona watu wakinyamaza msikitini na makaburini, lakini sikuwa nimewaona wakinyamaza namna ile mbele ya sahani. Nikasema moyoni, Subhanallah, kumbe Mola anaweza kuziweka roho za watu wote hawa juu ya ulimi wa mtu mmoja, naye akasimama wala asianguke kwa uzito wake.

Lakini cheo kina utamu wake. Viongozi wa umoja walijitengea meza nyuma ya pazia, karibu na stoo, wakawa wanapikiwa wali uliowekwa kwa ajili ya wageni. Mwanzoni Sadala alionja kwanza kisha akaenda mezani kwake. Baadaye akawa anapunga mkono tu mlangoni, kengele inapigwa, watu wanakula. Aliyemwambia neno alikuwa mmoja: Habakuki, kijana wa Lushoto aliyelala naye chumba kimoja. Siku za Jumapili walikuja wote wawili Masuguru, na Mwaija alimwita Habakuki mwanangu. Sadala alimjibu rafiki yake kwa mzaha kwamba tumbo la kiongozi lina kazi nyingine.

Ijumaa moja mchana ukapikwa muhogo uliochimbwa upande mpya wa shamba. Mkono ukapungwa, kengele ikapigwa. Habakuki alipomeza kidogo tu aliona ulimi umekuwa mchungu kama shubiri. Akainuka na sahani yake, akaenda mpaka kwenye pazia, akalifunua.

"Ndugu Katibu, muhogo wa leo ni mchungu. Hebu onja."

Sadala hakuipokea sahani. Mbele yake palikuwa na wali.

"Nyie wa milimani mmezoea viazi na mtindi," alisema. "Njaa ikikukolea utauona mtamu. Rudi ukale, usinitie aibu mbele ya wenzangu."

Wale wenzake wakacheka, mmoja akauliza kama mheshimiwa angependa kuletewa na asali. Habakuki akarudi na sahani yake. Wanafunzi walimuuliza Katibu amesema nini, naye akawaambia Katibu amesema ni chakula. Kwa neno hilo wakala. Yeye mwenyewe akamaliza sahani yote ili asionekane anadeka.

Kabla ya Alasiri vijana walikuwa wamelala majanini wameshika vichwa na matumbo, wanatapika. Lori la mkonge ndilo lililowaleta hospitali Korogwe. Habari ilinikuta sokoni Manundu. Nilimpitia Mwaija, tukakimbia.

Habakuki alikuwa amelazwa sakafuni karibu na mlango, macho yamegeuka, hapumui. Mganga alikuwa anamkandamiza kifua. Sadala alipiga magoti miguuni pake. Mwaija akaishika ile miguu akaita, "Mwanangu, mwanangu," mimi nikisoma ninachokijua, na muuguzi mmoja Mkristo, Agripina, akiomba kwa namna yao. Kisha kifua kikainuka. Kikashuka. Tukangoja. Kikainuka tena.

Nimezaa, nimezika mume, lakini sijaona kitu kikubwa kama pumzi ile ya pili. Sote tuliinamisha vichwa bila kuambiwa.

Mola hakuchukua hata mmoja siku ile. Ila mkono wa kulia wa Habakuki ulibaki unatetemeka, na chaki haikai katika mkono unaotetemeka. Sadala alivuliwa cheo, akarudishwa nyumbani. Isihaka akaacha kwenda Manundu, maana watu walikuwa wakinyamaza akipita. Mwaija naye akawa anachambulia mboga zake ndani.

FUNZO

Vijana mnaochaguliwa na wenzenu, nawasihi. Umoja wa wanafunzi si ngazi ya kupandia kwenye meza nzuri. Uliwekwa ili mwanafunzi asiye na sauti apate wa kumsemea kwa wakubwa. Kama kazi yako ni chakula, kula wanachokula. Kama ni afya, lala karibu na wagonjwa. Mtu akikufuata na shida yake, inuka ukaitazame, hata ukiona ni ndogo, kwa kuwa wewe hujui ukubwa wake mpaka uionje. Na mkijua kuwa wenzenu wataamini neno lenu na kulimeza, liogopeni neno hilo kabla halijatoka. Hiyo ni amana, na mwenye amana ataulizwa.

Uzito wake niliuona Jumapili Habakuki alipokuja Masuguru, ametoka hospitali. Mwaija alimpikia ugali wa unga wa njano, ule wa mahindi ya msaada. Sadala akakaa karibu naye, akaanza kumwomba radhi, akilia.

"Ndugu yangu, naapa, ningejua ni sumu ningemwaga masufuria yote. Sikujua."

Habakuki aliisogeza sahani kando.

"Nilikuletea mpaka mezani," alisema.

Akamshukuru Mwaija kwa chakula, akaniamkia mimi, akachukua mfuko wake kwa mkono wa kushoto. Sadala alinyoosha mkono kumshika shati. Habakuki akasubiri mpaka mkono ule ulipojiachia wenyewe, akatoka.