Mtandao wa Noorin

Rafiki yangu Sabri, fundi kompyuta wa Kilindoni, aliitwa alasiri ya mvua na mwenye duka mmoja, Aliakber. Kompyuta yake ya mpakato ilikataa kushika Wi-Fi, na bila mtandao haikupokea nywila ya kuifungua. Sabri akiwa anahangaika nayo, umeme ukakatika mtaa mzima. Duka likawa giza, ikabaki mwanga wa skrini tu, kompyuta ikitumia betri. Mitandao yote ya Wi-Fi ikapotea kwenye orodha, kisha ukatokea mmoja: "Noorin".

"Huyu nani?" Sabri aliuliza.

Aliakber aliisogelea skrini. "Marehemu mke wangu. Alipougua nilimfungia chumba cha nyuma hapa dukani. Aligonga mlango mpaka akanyamaza."

Jina la mtandao likabadilika mbele ya macho yao: "Sasa ingia wewe."

Huko nyuma, komeo la chumba kile likasikika likifunguka taratibu.