Nyayo Kwenye Gundi Nyeusi

Ilikuwa Januari, saa kumi na nusu jioni, na jua lilikuwa limeshazama nyuma ya vilima vya machimbo. Nilirudi kwa Bibi Lempi Kortelainen kwa kazi ya nusu saa tu: kulowesha gundi ya sakafu ya jikoni, ili kesho yake niikwangue na kuweka vigae.

"Arvid, umekula?" aliniuliza kutoka sebuleni. Alikuwa mjane wa miaka themanini na mmoja, hana mtoto.

"Nimekula, Bibi."

"Mwongo. Mwanamume anayeishi peke yake hali. Anameza tu."

Nilicheka. Mke wangu alikuwa amefariki mwaka juzi, na kweli nilikuwa nikimeza tu.

Asubuhi nilikuwa nimeng'oa zulia la plastiki lililokaa pale miaka thelathini na saba. Chini yake kulikuwa na gundi nyeusi kama lami, ngumu kama jiwe. Gundi ya aina ile haikwanguliwi kavu. Vumbi lake huua mapafu. Nikamwaga maji ya moto. Mvuke ukapanda, na harufu ya lami. Halafu harufu nyingine...

Nywele. Nywele za mtu zilizolowa.

Maji yakaosha vumbi lililojaa, na mvuke ulipotawanyika, nikaziona. Nyayo. Za miguu mitupu, midogo, zimezama ndani ya gundi. Zilianzia mlango wa nyuma, zikaja hadi katikati ya jikoni.

Hapo zikakoma. Hakuna hata mmoja uliorudi.

"Bibi," nikaita, "nani alikanyaga gundi hii ikiwa mbichi?"

Akaja akiburuta kisigino, akasimama kwenye kizingiti cha sebuleni, ameshika fremu ya mlango.

"Ziko ngapi?" alinong'ona.

Nikahesabu. "Sita."

"Zilikuwa nne, siku Eino alipozifunika."

Akaniambia yote akiwa amesimama palepale. Hilja alikuwa wifi yake, dada wa marehemu mumewe Eino. Alijua kuzuia damu ya jeraha kwa maneno ya uganga, na watu waliomwita usiku kutibu wagonjwa walimkwepa mchana. Alikaa nao miaka sita. Lempi akachoka. Siku ile Eino anapaka gundi, Lempi alimwambia wifi yake afungashe aondoke. Hilja akaja miguu mitupu, akaingia kwenye gundi mbichi. Hatua nne. Lempi akageuka kumwita Eino. Alipogeuka tena, hakukuwa na mtu. Na mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa kwa komeo, kwa ndani.

"Walimtafuta hadi barafu ya ziwa ilipoyeyuka," alisema. "Eino akalaza zulia siku ileile. Hakutaka kulizungumzia mpaka anakufa." Akanitazama. "Usizikwangue zote, kijana. Niachie mmoja."

"Kigae hakishiki juu ya gundi, Bibi."

"Hilja ndiye ninayeongea naye jioni. Sina mwingine."

Sikungoja kesho. Nilitaka tu kumaliza na kutoka. Nikapiga magoti, nikaanza kukwangua unyayo wa kwanza, karibu na mlango wa nyuma. Gundi ilikuwa imelainika, ikatoka kirahisi.

Nyat...

Sauti ya unyayo unaobanduka. Nyuma yangu.

Nikaacha kukwangua.

Nyat...

Nikageuka. Nyayo mbili mpya. Maji yalikuwa bado yakiingia ndani yake polepole, na zilielekea kizingitini, kwa Bibi Lempi.

Naye alikuwa anavua ndara zake.

"Hilja," alisema kwa upole, "umekuja taratibu mno."

Akakanyaga gundi.

Nilimrukia, nikamshika mkono. Ulikuwa wa baridi, na upande wa pili kulikuwa na kitu kinamvuta. Mtu asinibishie, nimebeba mifuko ya saruji miaka thelathini, najua uzito. Nilivuta mpaka mguu wake ukabanduka. Nikambeba hadi kwenye pikapu, baridi ya nyuzi ishirini chini ya sifuri, bila koti.

Nilidhani atanishukuru.

Alilia. "Unanirudisha kwa nani, Arvid?" alisema. "Kwa nani?"

Nikampeleka kwa Marlys, binti wa kaka yake aliyemtembelea kwa nadra, mtaa wa tatu. Tulikaa naye hadi kukakucha. Hakufumba jicho wala hakuinuka kitini.

Kulipopambazuka nilirudi peke yangu. Mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa kwa komeo, kwa ndani. Nyayo zilizoelekea kizingitini zilikuwa zimegeuka. Zilikwenda moja kwa moja mpaka kwenye ule mlango. Pembeni yake kulikuwa na nyayo nyingine, za mzee anayeburuta kisigino, hatua kwa hatua, kama watu wawili walioshikana mikono.

Nilizikwangua zote. Nikaweka vigae vyeupe. Vimeshika vizuri.

Marlys anasema tangu usiku ule shangazi yake anakula akipewa, anakaa akikalishwa, na ukimtazama machoni ni kama kutazama nyumba iliyohamwa. Jumapili huwa naenda kumsalimu, nikiwa na mkate wa iliki. Amezungumza nami mara moja tu. Alikuwa akitazama dirishani, theluji inaanguka.

"Ameondoka?"

"Ameondoka, Bibi."

"Peke yake?"

Nikashika kikombe changu cha kahawa. Mpaka leo sijamjibu.