Kigelegele Chenye Vyuma

Kaeni vizuri. Anayetafuna ameze kwanza, ndipo tuanze.

Ngamiani, mjini Tanga, kuna nyumba yenye mlango wa buluu. Humo anakaa Zuwena. Ana miaka minane, magoti yenye makovu, na meno yanayosukumana.

Jino moja lilitokeza mbele. Jingine likajificha nyuma. La tatu lilisimama upande, kama mtu anayepita kwenye mlango mwembamba.

Mama akampeleka kwa daktari wa meno. Daktari akabandika kibati kidogo kwenye kila jino. Kisha akapitisha waya mwembamba, kutoka huku mpaka kule.

"Waya huu utayapanga meno yako mstari mmoja," akasema daktari. "Lakini chakula kinapenda kujificha humu. Kila ukila, sugua."

Akampa mswaki laini. Akampa na kibrashi chembamba kama mkia wa panya, cha kupenya chini ya waya. Akamwonyesha.

Suku, suku, juu ya waya.
Suku, suku, chini ya waya.
Tema maji, pwaa.

Zuwena akaitikia kwa kichwa. Kichwa kilikubali. Zuwena mwenyewe alikuwa bado.

Nyumbani kwao watu husugulia meno uani, kwenye karo. Hakuna mlango, hakuna pazia. Ukisugua, unaonwa na watu na kuku wao.

Jioni ile Zuwena alisimama karoni, akafungua mdomo. Saumu alikuwa hapo anaosha vyombo. Saumu ni binti ya mama yake mkubwa. Ana miaka tisa, na anakaa nyumba hiyo hiyo.

Saumu akachungulia. "We Zuwena, huo mdomo au ua wa senyenge? Unazuia mbuzi wa nani?"

Zuwena akafunga mdomo. Kap.

Tangu hapo, akiambiwa asugue, alisema sitaki. Akibembelezwa, sitaki. Mama akimtolea macho, sitaki vilevile.

Sitaki leo, sitaki kesho, sitaki mpaka kuku aote meno.

Hakucheka. Aliongea puani. Alikula ameugeukia ukuta.

Siku ya kwanza, jani la mchicha lilikwama kwenye waya.

Siku ya pili, punje ya wali ikaja kulitembelea jani la mchicha.

Siku ya tatu, ganda la harage likahamia. Wote wakakaa humo, na hakuna aliyepiga hodi.

Siku ya nne, ufizi ukavimba. Ukauma. Zuwena akanyamaza nao.

Bibi akamwita. Huyu Bibi hana sukari ulimini. Alimwambia asogee. Kisha akamwambia arudi nyuma kidogo.

"Mjukuu wangu," akasema Bibi, "mchicha wa Jumatatu unaufugia nini?"

"Nikisugua watanicheka," akasema Zuwena, midomo imebana.

Bibi akasema kuwa yeye anachekwa tangu Ngamiani ni vumbi tupu, na bado anakula na kulala. Lakini Zuwena alikuwa ameshaondoka.

Sasa sikilizeni. Jumamosi ilikuwa harusi ya Mama Mdogo Nasra. Na nyumba ile ina desturi yake.

Bwana harusi akifika mlangoni, hakuna mwanamke anayepiga kigelegele mpaka binti mdogo kuliko wote apige cha kwanza. Akianza yeye, wote wanampokea. Asipoanza, bwana harusi anasimama pale pale juani na kanzu yake.

Binti mdogo kuliko wote ni Zuwena. Aliingoja siku hiyo tangu hajajua kufunga kamba za viatu.

Na kigelegele hakipigwi mdomo ukiwa umefungwa. Jaribu uone.

Ijumaa wanawake walikaa mkekani wakichagua mchele. Wakamwambia Zuwena apige, wamsikie.

Zuwena akafungua mdomo kidogo, kama tundu la sindano. "Lii," ikatoka.

Mama Mdogo Nasra alikuwa karibu yake. Akaziba pua kwa upindo wa kanga.

Wakubwa wakatazamana. Mama akasema, polepole, kwamba labda safari hii kigelegele apige Saumu. Saumu akasimama hapo hapo. Akakohoa kidogo, tayari.

"Kigelegele ni changu," akasema Zuwena.

"Na mdomo je?" akauliza Bibi.

"Mdomo ni wangu."

"Basi kesho tuuone, mweupe. Ukija na huu, anapiga Saumu."

Zuwena hakulala vizuri. Jumamosi aliamka mapema kabisa. Kusugua alitaka. Kuonwa karoni hakutaka, na uani wapishi wa harusi walikuwa wameshajaa.

Akaenda jikoni kwa mlango wa nyuma. Bibi alikuwa anapepea jiko. Zuwena akamwuliza kama kuna dawa ya meno ya haraka, isiyohitaji karo.

Bibi akafikiri. Yeye amesugua kwa unga wa mkaa na kijiti cha mswaki miaka yote, na mpaka leo anavunja mfupa wa kuku. Akachukua kipande cha mkaa, akakitwanga. Akaponda ncha ya kijiti mpaka ikawa nyuzi nyuzi.

Zuwena akauliza kama daktari angekubali. Bibi akasema daktari yule amezaliwa juzi.

Haya. Zuwena akachovya, akasugua. Suku, suku, suku.

Nyuzi za kijiti zikanasa kwenye waya. Unga wa mkaa ukaingia kila tundu, ukakaa. Zuwena akatema, akachukua kioo.

Meusi. Meno yote meusi, na vyuma vyake. Mdomo ulikuwa kama tako la sufuria ya kuni.

Bibi akatazama. Akatazama tena. Akaweka kijiti chini.

"Nimekosa," akasema. "Mkaa ni wa meno yaliyo uchi. Haya yako yamevaa."

Saumu akapita na sinia. Akaona. Akacheka mpaka sinia likalia, kwangala kwangala. Akawaambia watu wa uani kwamba senyenge ya Zuwena imeungua moto.

Wote wakageuka. Wanaomenya vitunguu wakageuka. Anayekuna nazi akageuka. Kuku naye akageuka.

Miguu ya Zuwena ilitaka kukimbia. Ilianza hata kugeuka. Lakini kigelegele ni chake, na miguu haipigi kigelegele.

Akaingia ndani. Akatoka na kopo la maji, mswaki laini, na kibrashi cha mkia wa panya. Akapita katikati ya vitunguu, katikati ya nazi, akapanda juu ya karo.

"Haya, tazameni," akasema. "Mkishiba kutazama, vitunguu vinawangoja."

Akafungua mdomo wote. Aaaa.

Suku, suku, juu ya waya.
Suku, suku, chini ya waya.
Tema maji, pwaa.

Maji yakatoka meusi kama wino.

Suku, suku, juu ya waya.
Suku, suku, chini ya waya.
Tema maji, pwaa.

Mchicha wa Jumatatu ukatoka. Punje ya wali ikaufuata. Ganda la harage likaanguka chini, kuku akalidonoa, akakimbia nalo.

Ufizi ukauma. Ikatoka damu kidogo. Zuwena akatema, akapumua, akaendelea taratibu.

Bibi akaja na kioo. Akamshikia. "Juu," akasema. "Sasa kushoto. Huko nyuma bado kuna mpangaji, mtoe."

Suku, suku, juu ya waya. Maji yakatoka ya kijivu.

Suku, suku, chini ya waya. Maji yakatoka na povu tupu.

Anayekuna nazi akaanza kukuna kwa mwendo ule ule. Suku, suku. Visu vikafuata. Uani pote pakawa suku, suku. Saumu akajaribu kucheka tena, lakini kumcheka mtu anayekukazia macho huku povu linamtoka ni kazi ngumu.

Zuwena akatema mara ya mwisho. Pwaa.

Maji yalitoka kama yalivyoingia.

Alasiri, matarumbeta yakasikika mtaani. Pa-pa-raa, pa-pa-raa. Bwana harusi akafika kwenye mlango wa buluu, kanzu nyeupe, jasho linamtiririka.

Matarumbeta yakanyamaza. Watu wakangoja. Saumu akavuta pumzi kubwa, huenda akaitwa yeye.

Zuwena akasimama kizingitini. Jirani mmoja akamnong'oneza azibe mdomo kwa upindo wa kanga, wageni wasivione vyuma.

"Sizibi," akasema Zuwena.

Akafungua mdomo. Si tundu la sindano. Mlango.

"Lilililililililili!"

Jua likaingia mdomoni, likapiga kwenye vyuma, likarudi nje. Kila kibati kikametameta. Wanawake wote wakapokea. Lililili huku, lililili kule, mpaka kuku akapanda juu ya paa.

Bwana harusi akacheka, akaingia. Nyuma yake alikuja shangazi yake, mama wa makamo mwenye miwani. Akauliza kama mtoto yule amevaa fedha mdomoni.

"Amevaa," akasema Bibi. "Na amezisugua mwenyewe."

Ikaja pilau. Zuwena hakugeukia ukuta. Alikula na watu, akacheka na watu. Nyama ikakwama kwenye waya, maana nyama haijali harusi.

Alipomaliza, aliinuka, akaenda karoni na kibrashi chake. Hakuna aliyemtuma.

Nyuma yake akasikia hatua. Ni Saumu. Mkononi ana kopo la maji.

Saumu akasimama kidogo, akakwangua chini kwa kidole cha mguu. Kisha akauliza kama waya unatekenya.

"Hautekenyi," akasema Zuwena. "Mwaga maji."

Saumu akamwaga.

Suku, suku, juu ya waya.
Suku, suku, chini ya waya.

"Kushoto bado kuna pilau," akasema Saumu. Hakucheka. Alikuwa anaonyesha tu.

Zuwena akapenyeza kibrashi kushoto. Punje ya pilau ikatoka.

Tema maji, pwaa.

Jioni wageni wakaondoka. Zuwena na Saumu wakalala kitanda kimoja, na kanga moja. Zuwena alilala chali. Mdomo wazi, vyuma vyote nje. Khoroo, khoroo.

Bibi akasimama mlangoni, akamtazama. Akatikisa kichwa.

"Wiki nzima tunamwomba mtoto huyu afungue mdomo," akasema. "Haya, kafungua. Sasa nani ataufunga?"

Hakuna aliyeufunga. Mpaka asubuhi ulikuwa wazi, na ulikuwa safi.

Na wewe unayesikiliza, umeshasugua? Fungua tuone.